Barua kwa mwanangu: kwa nini Wafilipino husherehekea tarehe 12 Juni

Mwanangu mpendwa,

Natumai u mzima na bibi hajambo. Huku Doha mimi ni salama. Lile swali lako la kwenye simu nililiacha juujuu kwa sababu zamu ilikuwa inaanza, basi nakujibu kwa barua. Kitabu chako kinasema Ufilipino ilipata uhuru tarehe 4 Julai 1946. Picha nilizokutumia zinaonyesha wauguzi wenzangu Wafilipino wakisherehekea tarehe 12 Juni. Ukauliza nani kakosea.

Hakuna aliyekosea. Uhispania iliwatawala kwa zaidi ya miaka 300. Mwaka 1896 wakaasi, na Desemba ya mwaka huo Wahispania wakampiga risasi José Rizal, daktari na mwandishi wao mkubwa. Tarehe 12 Juni 1898, kiongozi wa mapinduzi hayo, Emilio Aguinaldo, akatangaza uhuru nyumbani kwake Kawit, mkoani Cavite. Bendera iliyopandishwa siku hiyo ilishonwa Hong Kong na mama mmoja, Marcela Agoncillo, akisaidiwa na bintiye mdogo Lorenza na mpwa wake Rizal, Delfina Herbosa. Wimbo wa taifa ulipigwa muziki mtupu, maana maneno yalikuwa hayajatungwa.

Sasa sikiliza yaliyompata mume wa Marcela. Felipe Agoncillo alikuwa mwanasheria, akatumwa Paris kuwasemea watu wake, kwani Uhispania na Marekani zilikuwa zikijadiliana huko baada ya vita vyao. Hawakumruhusu hata kuingia kikaoni. Desemba 1898 wakatia saini, na Uhispania ikaikabidhi Marekani visiwa vyote kwa dola milioni 20. Nchi iliyokwisha kujitangazia uhuru ikauzwa, na mjumbe wake yuko mjini humohumo! Kila nikilikumbuka jambo hili moyo huniuma.

Februari 1899 vita vikaanza tena, mara hii na Wamarekani. Wengi walikufa kwa risasi, na raia wengi zaidi kwa njaa na kipindupindu. Aguinaldo akakamatwa mwaka 1901. Kuanzia mwaka 1907 hadi 1919 ilikuwa hatia kuipeperusha bendera ile ya Marcela.

Hiyo Julai 4 ya kitabuni ilikuja baada ya Wajapani kuikalia nchi, na Manila kubomolewa vibaya katika mapigano ya 1945. Marekani ikawakabidhi serikali, tena siku ileile ambayo yenyewe husherehekea uhuru wake. Na yenyewe haikuondoka mikono mitupu: Wamarekani walipata haki sawa na wenyeji ya kuchuma mali asili ya nchi, na mwaka 1947 ukatiwa saini mkataba wa kambi za kijeshi wa miaka 99.

Ndiyo maana naona Rais Diosdado Macapagal alitenda haki mwaka 1962 aliporudisha sherehe kwenye tarehe 12 Juni. Aguinaldo alikuwa bado hai, mzee wa miaka 93, akahudhuria. Fikiria mtu aliyetangaza uhuru akiwa kijana wa miaka 29, akasubiri miaka 64 hadi taifa lake likaitambua rasmi siku ile. Ile miaka 99 ya kambi nayo ilikuja kupunguzwa, na tarehe 16 Septemba 1991 Seneti ya Ufilipino ikaukataa mkataba mpya wa kambi kwa kura 12 dhidi ya 11. Mwaka uliofuata Wamarekani wakaondoka Subic, kambi yao kubwa ya wanamaji.

Mmoja wa wenzangu hapa kwao ni Cavite. Ameniambia nyumba ya Aguinaldo sasa ni makumbusho, na kila mwaka siku hiyo bendera hupandishwa pale pale Kawit. Alizungumza nami kwa furaha mpaka muda wa chakula ukatuishia.

Kwa hiyo katika insha yako, Julai 4 iandike, usiiache, lakini anza na 1898. Na jina la Felipe Agoncillo lisikosekane. Ukimaliza, ipige picha unitumie kabla hujampa mwalimu.

Msalimie bibi.

Mama yako