Wanaokwenda likizo Zanzibar wapange pesa za matumizi kwa shilingi

Mhariri,

Shule zinapokaribia kufungwa, matangazo ya likizo za Zanzibar hujaa kila mahali, na Wakenya wengi, baadhi yao wakiwa wamechanga katika chama mwaka mzima, hulipia tikiti na hoteli wakiamini kwamba gharama wameshaimaliza. Naandika kuwaomba wasiishie hapo. Pesa za matumizi, yaani zile mtu anazokwenda nazo mfukoni baada ya kulipia chumba, ndizo zinazovuja bila mwenyewe kujua, na huvuja hasa kwa sababu tunazibeba na kuzihesabu kwa dola katika nchi yenye shilingi yake.

Agosti 2024 mimi na mke wangu tulikaa siku tano katika hoteli moja ya ufukweni, upande wa mashariki wa kisiwa cha Unguja. Kila tuliyemuuliza alitwambia tubebe dola, nasi tukanunua dola 400 Mombasa kabla ya kuondoka. Tulipofika, tukawa tunabadilisha kidogo kidogo pale mapokezi kila tulipohitaji pesa ya teksi, ya maji au ya mashua ya kwendea mwambani, na hoteli ikitupa shilingi 2,500 kwa kila dola. Siku ya tatu tulikwenda Mji Mkongwe na kukuta duka la kubadilisha fedha linatoa 2,680. Kwa dola 300 tulizokuwa tumeshabadilisha, tulikuwa tumepoteza shilingi 54,000 za Tanzania, ambazo wakati ule zilikaribia shilingi 2,600 za Kenya na zingetosha chakula cha jioni cha watu wawili kijijini, nje ya lango la hoteli. Hoteli haikutuficha kitu, kwa maana kiwango chake kilibandikwa ukutani. Sisi ndio hatukuwa na cha kukilinganisha nacho.

Tena hasara hiyo ilikuwa ya pili. Ya kwanza tuliipata Mombasa tuliponunua dola, kwa sababu duka la fedha huuza dola kwa bei iliyo juu ya ile linayonunulia, na tofauti hiyo ndiyo faida yake. Anayetoka kwenye shilingi ya Kenya kwenda kwenye dola, kisha akatoka kwenye dola kwenda kwenye shilingi ya Tanzania, anakatwa mara mbili kwa safari ya chini ya saa mbili angani. Maduka ya fedha ya Nairobi na Mombasa huuza shilingi za Tanzania, na kabla ya kununua dola inafaa mtu aulize kiwango cha njia zote mbili, apige hesabu, ndipo aamue. Ikiwa ataona dola ina nafuu, basi achague noti safi za miaka ya karibuni, kwa kuwa noti kuukuu au zilizochanika hukataliwa mara nyingi, na noti ndogondogo hubadilishwa kwa kiwango cha chini kuliko noti ya 100.

Jina la shilingi nalo linatuchanganya. Nchi zetu zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki mpaka mwaka 1966, kila moja ilipoanza kutoa noti zake, na tangu hapo thamani zimeachana sana. Leo shilingi moja ya Kenya hupata takriban shilingi 20 za Tanzania. Mgeni aliyezoea kwamba 1,000 ndiyo noti kubwa kabisa huingiwa na hofu akisikia samaki ni 35,000, halafu akishazoea hofu humgeukia kuwa uzembe, akawa anatoa noti za 10,000 kama anayetoa za 100. Mke wangu alitafuta njia iliyotusaidia: ondoa sufuri moja, kisha gawanya kwa mbili. Samaki wa 35,000 anakuwa 3,500, nusu yake ni 1,750, na hapo mtu anajua kama yuko tayari kulipa kiasi hicho au la. Tulikubaliana kwamba hakuna atakayefungua pochi kabla ya kuitamka bei ile kwa shilingi za kwetu.

Kuhusu kadi za benki nina mambo mawili ya kusema, na yote yalitufika. Mashine ya kulipia ilituuliza kama tunataka kulipa kwa shilingi za Kenya au za Tanzania, nasi tukachagua za Kenya kwa kuwa tulizielewa. Kumbe ukichagua sarafu ya nyumbani, anayebadilisha fedha ni mwenye huduma ya ile mashine, kwa kiwango chake mwenyewe, ambacho kwa kawaida ni kibaya kuliko cha benki yako. Chagua sarafu ya nchi uliyomo, kila mara. La pili ni dhamana. Tulipoingia, mapokezi walipitisha kadi yetu na kuzuia kiasi fulani kwa ajili ya vinywaji na uharibifu wowote chumbani. Hatukuharibu kitu, lakini pesa ile ilibaki imefungwa katika akaunti kwa siku tisa baada ya kurudi nyumbani, na karo ya mtoto ilikuwa humo humo. Kwa hiyo ni vyema kuuliza kiasi cha dhamana kabla ya safari na kuiwekea akiba yake, au kuomba kuiacha kwa fedha taslimu na kupewa risiti.

Mashine za kutolea pesa zipo uwanja wa ndege na mjini, ila vijiji vingi vya ufukweni havina, na mara nyingi hazitoi zaidi ya shilingi 400,000 kwa mara moja, ilhali ada hukatwa kila unapotoa. Anayefikia mbali na mji atoe za kutosha mapema na aziweke katika sanduku la kufunga chumbani.

Jioni ya siku ile ya tatu tuligawanya zilizobaki katika bahasha mbili, moja kwa kila siku, na juu ya kila bahasha tukaandika yaliyokusudiwa: usafiri, chakula cha nje, zawadi, bahashishi. Ilipokwisha bahasha ya siku, tulikaa ufukweni, na ufukwe hauna malipo. Bahashishi tuliitenga kwa makusudi na kwa shilingi. Kijana aliyekuwa akisafisha chumba chetu alitueleza kwa adabu kwamba noti za dola moja moja anazopewa humlazimu kungoja mpaka apate nauli na nafasi ya kwenda mjini, na huko akapewa kiwango duni. Nilisikitika, kwa sababu siku ya kwanza mimi mwenyewe nilikuwa nimempa dola mbili nikidhani nimemfanyia wema mkubwa.

Tangu Machi 28, 2025 Tanzania ina kanuni zinazokataza kutangaza bei au kulipia bidhaa na huduma kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Nazipongeza kwa moyo wote, maana mgeni anapoandikiwa bei kwa shilingi anaweza kuilinganisha na ya sokoni, na mfanyakazi wa hoteli anafahamu anacholipwa. Mgeni asione haya kuomba bei kwa shilingi anapotajiwa dola. Ningependa hoteli zetu za Diani na Watamu nazo ziandike bei kwa shilingi za Kenya kwa herufi za kusomeka, maana ndugu zetu wa Tanzania wanaokuja huku hukumbana na yale yale.

Lililobaki ni la mawakala wa safari wa hapa kwetu. Tuliuziwa likizo ambayo tuliambiwa imejumuisha kila kitu, na tulipofika tukakuta maji ya chupa baada ya chakula, gari la kutoka uwanja wa ndege na tozo ya kila usiku havimo. Nawaomba waandike katika risiti, kwa Kiswahili, mambo ambayo mteja atajilipia mwenyewe na makadirio ya kila moja kwa shilingi za Tanzania. Nawe Mhariri, unapochapisha viwango vya dola, pauni na yuro, tafadhali ongeza mstari mmoja wa shilingi ya Tanzania, hasa miezi hii ya Novemba na Desemba ambapo wasomaji wako wengi wanajiandaa kuvuka.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa