Shukrani kwa mama wa njia ya Irente

Mama, jina lako sikuliuliza, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Likizo ya Juni tulipanda na watoto kutoka Lushoto mjini kwenda Irente, pale milima ya Usambara inapokatika ghafla ukaiona Mazinde chini kabisa. Tulifika, tukafurahi. Wakati wa kurudi ukungu ukashuka, njia ikawa utelezi, na binti yetu wa miaka sita akateguka mguu. Baba yake alikuwa tayari amembeba mdogo wake.

Ukatokea na tita la majani ya ng'ombe kichwani. Ulilitua bila kuulizwa, ukafungua kanga yako iliyofifia rangi, ukambeba mgongoni kama wako. Mtoto alikuwa analia. Ulipomwimbia Kisambaa alinyamaza, akalala shavu likiwa begani kwako. Ulitufikisha barabarani, ukakataa hata nauli ya bodaboda, ukarudi kulifuata tita lako na giza linaingia.

Mguu umepona. Kila siku anamuuliza baba yake, "Bibi wa majani tutamwona lini?"

Ahsante sana, mama. Mungu akuzidishie. Juni ijayo tutakuja kukutafuta.