Malalamiko: kadi mbili kwenye laini moja, na pesa nilizotozwa bure

Studio ya Kurekodi,
Kondele, Kisumu.

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Tawi la Kisumu.

Bwana/Bi Meneja,

MINT: KUREJESHEWA PESA ZA UPS NA ZA KUFOMATI

Ninaendesha studio ndogo ya kurekodi, na wateja wangu wengi ni kwaya za makanisa. Duka lenu liliniuzia kadi ya sauti na kadi ya mtandao za kompyuta, zote za PCI, yaani za kuchomekwa kwenye sloti za bodi kuu, na fundi wenu ndiye aliyezifunga. Tangu hapo, kila nikirekodi huku mafaili yakihamishiwa kompyuta ya pili, sauti hupasukapasuka kama bisi kwenye sufuria. Mwimbishaji wa kwaya moja kutoka Nyalenda alivua hedifoni katikati ya ubeti akaniuliza kama maikrofoni imeingia maji. Mtandao ukitulia, sauti inatoka safi kabisa.

Maelezo hayo niliyatoa kaunta kwenu, na hilo la mtandao kutulia nikalirudia makusudi. Hakuna aliyelifuatilia. Niliambiwa stima ya huku ni chafu, nikauziwa UPS, kifaa chenye betri cha kuikinga kompyuta stima ikiyumba. Kelele zikabaki. Mkafomati kompyuta na kuweka Windows upya kwa malipo, mipangilio yangu yote ya kurekodi ikapotea. Mwishowe mkasema bodi kuu imekufa, ninunue nyingine.

Bodi ni nzima. Kijana fundi wa mtaani, asiye hata na duka, alifungua sehemu ya Windows inayoorodhesha vifaa, akavipanga kwa namba za IRQ, yaani namba za laini ambazo vifaa huitia prosesa, ubongo wa kompyuta, na papo hapo tukaona kadi ya sauti na ya mtandao zote zimekaa namba 11. Kifaa kikitaka kuhudumiwa na prosesa hutuma ishara ya kukatiza kazi kupitia laini yake. Mashine yangu ni ya zamani, ina laini 16, kuanzia 0 hadi 15, na nyingi zina wenyewe: 0 ya saa, 1 ya kibodi, 14 na 15 za diski. PCI inaruhusu kadi mbili kugawana laini moja, ila draiva zote mbili, yaani programu zinazoendesha kadi hizo, lazima ziwe na adabu: kila moja iangalie upesi kama ishara ni yake, imalize kazi, iachie. Moja ikikawia, kadi ya sauti hukosa data kwa wakati, na pengo hilo ndilo linalosikika.

Alizima mashine, akachomoa waya wa stima, akaihamishia kadi ya sauti kwenye sloti nyingine, kwa kuwa laini zinazofika kwenye kila sloti zimepangwa na bodi yenyewe. Akaingia BIOS, mipangilio ya bodi inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka, akazima bandari, yaani matundu ya kuchomekea vifaa, za siriali na ya printa ambazo sizitumii, namba 3, 4 na 7 zikabaki huru. Kadi mbili zikaachana. Tukahamisha mafaili makubwa huku nikirekodi kayamba, chombo kisichoficha mkwaruzo, na hatukusikia kitu.

Kilichoniuma ni kwamba ukurasa ule hauna gharama kuufungua, na mafundi wenu hawakuufungua. Walikuwa tayari kuniuzia bodi. Wapo wanaokuja kwenu kutoka Siaya na Homa Bay na pesa za chama mfukoni. Wakiambiwa bodi imekufa, watanunua.

Naomba mnirejeshee pesa za UPS, nitakayoirudisha na boksi lake, pamoja na ada ya kufomati. Naomba pia maandishi kwamba bodi yangu haikuwa na hitilafu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Na fundi yeyote wenu, kabla ya kumwambia mteja anunue kifaa, aangalie kwanza namba za IRQ.

Nimeambatisha nakala za risiti na picha za skrini, kabla na baada ya kadi kuhamishwa. Nasubiri jibu la maandishi.

Wako mwaminifu,
Mwenye studio