Pafu lililochubuka: kwa nini majeruhi hubanwa na pumzi siku ya pili

Wengi wanaotupigia kukodi mashine ya oksijeni baada ya ajali huuliza jambo moja: jana alikuwa anaongea vizuri, mbona leo anahema? Jibu liko kwenye utando mwembamba ndani ya mapafu, unaoitwa surfaktanti.

Mapafu yana mamia ya milioni ya vifuko vya hewa, kila kimoja kikiwa na upana wa kama milimita 0.2. Ndani vina unyevu, na maji hupenda kujivuta pamoja. Yakiachwa hivyo, kifuko kingejikunja kila tunapotoa pumzi, kama mfuko wa nailoni uliolowa na kugandana. Surfaktanti, ambayo asilimia 90 hivi ni mafuta na iliyobaki ni protini, hutanda juu ya unyevu huo na kuupunguzia nguvu ya kujivuta, kama sabuni inavyoyafanyia maji. Hutengenezwa na seli maalumu za vifuko vyenyewe, na pumzi ndefu ndiyo inayozisukuma ziimwage.

Kifua kikigonga usukani, au mtu akirushwa na bodaboda, pafu laweza kuchubuka bila ubavu kuvunjika, hasa kwa watoto, ambao mbavu zao hupinda. Mishipa midogo huvuja. Protini za damu, kama albumini na faibrinojeni, huingia kwenye vifuko, hugombea nafasi juu ya unyevu na kuiondoa surfaktanti. Kisha seli nyeupe za damu huja kusafisha, na vimeng'enya vyake huikatakata ile iliyosalia. Seli za kutengeneza surfaktanti nyingine nazo zimeumia. Vifuko hufunga, damu hupita hapo bila kuchukua oksijeni. Hali huzidi ndani ya saa 24 hadi 72, na eksirei ya saa za kwanza huweza kuonekana safi kabisa.

Si lazima kifua kiguswe. Kupoteza damu nyingi, au mafuta ya mfupa wa paja uliovunjika yakiingia kwenye mishipa, huweza kuleta madhara hayo hayo. Mwaka 1967 Ashbaugh na wenzake walieleza kwenye jarida la Lancet wagonjwa 12 wa aina hii, baadhi wakiwa majeruhi. Leo hali hiyo huitwa ARDS, yaani mapafu kushindwa ghafla kuingiza oksijeni ya kutosha kwenye damu.

Kwa hiyo tuseme wazi kuhusu mashine zetu: konsentreta, mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani, ya lita 5 kwa dakika hupeleka oksijeni kwenye vifuko vilivyo wazi, lakini haifungui vilivyofunga. Ukiongeza lita na kipimo cha oksijeni cha kidoleni bado kinashuka, usiendelee kuongeza, mrudishe hospitali. Wodi ya wagonjwa mahututi (ICU) wana mashine inayobakiza shinikizo ndani ya mapafu ili yasijikunje, hutoa pumzi ndogo za kama mililita 6 kwa kilo, kwa uzito unaokadiriwa kutokana na urefu, na humlaza kifudifudi mgonjwa anayehitaji. Wengine hutuuliza kuhusu dawa ya surfaktanti wanayopewa watoto njiti. Njiti huwaokoa kweli, lakini majaribio kwa watu wazima wenye ARDS hayakupunguza vifo. Protini zile zile zinazovuja huidhoofisha hata ile ya dawa.

Daktari akishamruhusu mgonjwa kurudi nyumbani, maumivu ndiyo adui mkubwa, kwa sababu anayeumia hupumua kwa kifupi. Mpe dawa ya maumivu kama ilivyoandikwa, kwa saa zake. Mkalishe nusu wima, nyuzi 30 hadi 45. Kila saa akiwa macho avute pumzi ndefu 10, kila moja aishike sekunde 3, kisha akohoe akikumbatia mto. Msimfunge kifua kwa kanga wala bandeji. Mtamnyima pumzi hiyo hiyo anayoihitaji.

Kabla ya kupima oksijeni futa rangi ya kucha, pasha kidole joto, subiri namba itulie. Ikiwa chini ya asilimia 92, au akipumua zaidi ya mara 25 kwa dakika, au akianza kuchanganyikiwa, mpelekeni hospitali mara moja. Mashine ikae mita 3 mbali na jiko, na asivute mtu sigara chumbani.

Konsentreta tunaikodisha kwa barua ya daktari inayotaja lita kwa dakika. Bila barua tunakuja na kipima oksijeni tu, na namba ikiwa mbaya tutawasaidia kutafuta gari la kwenda hospitali.