Barua kwa Rehema: suruali za kupandia Kilimanjaro

Ilala,
Dar es Salaam.

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Sisi wote hatujambo, mama anakusalimu sana. Nimepata ujumbe wako kwamba umeshajiandikisha na kundi la kupanda Kilimanjaro kwa ajili ya tarehe 9 Desemba. Nimefurahi mno, shoga yangu! Kufika kilele kile ambako Alexander Nyirenda aliuweka Mwenge mwaka 1961, tena siku yenyewe ya Uhuru, si jambo dogo.

Ila umesema unatafuta suruali moja nzito ya baridi. Hapo naomba unisikilize. Sisi watu wa pwani tukisikia mlima tunawaza baridi tu, tunakimbilia nguo nzito. Kumbe kinachomtesa mtu kule kwanza ni maji: jasho lake mwenyewe na mvua. Kitambaa kikilowa kikagandamana na mwili, upepo ukipita unatetemeka hata kama baridi si kali. Na mwanzoni mwa Desemba vuli huwa haijaisha.

Fikiria njia yenyewe. Geti la Marangu liko chini kidogo ya mita 1,900, na ukiingia tu ni msitu, unyevu na matope. Utatoka jasho kama uko Kariakoo saa saba mchana. Ukishapita Mandara, kambi ya kwanza, miti inaisha na upepo unaanza. Horombo, kambi ya pili, mita 3,720, jua la mchana linachoma, jioni meno yanagongana. Kibo, kambi ya mwisho, ni zaidi ya mita 4,700, mawe na vumbi tupu, na kutoka pale mnaondoka usiku wa manane kwenda mita 5,895, ambako baridi huweza kufika nyuzi 10 chini ya sifuri, hata kupita hapo. Suruali moja ya kukufaa kote huko haipo. Ile nzito itakupika msituni, halafu ikilowa haikauki.

Bora nyepesi kadhaa, uzivae moja juu ya nyingine kadiri unavyopanda. Pesa yako weka kwenye ile ya kutembelea, maana ndiyo utakayoshinda nayo kila siku. Iwe ya nailoni au polista, inayovutika kidogo. Jinzi na kadeti za pamba ziache nyumbani kabisa. Nilipopanda mimi, kijana mmoja wa kundi letu alinyeshewa na jinzi yake msituni. Kesho yake asubuhi ilikuwa bado mbichi, nzito, imemchubua mapajani, na alikuwa hana nyingine. Nilimhurumia sana.

Chini yake utavaa taiti ya sufu au polista, hiyo ni ya kulalia na ya usiku wa kilele. Juu kabisa suruali ya mvua. Ya joto yenye manyoya laini ndani usiinunue, utaivaa usiku mmoja tu. Moshi mjini wapo wanaokodisha. Ijaribu hapo hapo dukani, juu ya taiti na suruali yako, uone kama bado unaweza kukunja goti.

Za mtumba sokoni Karume zinapatikana, tena nzuri, lakini zikague. Soma lebo ya kiunoni: ukiona pamba ndiyo nyingi, rudisha. Chuchumaa nayo kabisa, kisha inua mguu kama unapanda daladala. Ikibana gotini au kwenye nyonga, iache hata kama rangi imekupendeza. Kiuno kiwe bapa, maana mkanda wa begi utakalia hapo hapo kutwa nzima na kifungo kikubwa kitakuumiza. Mifuko iwe na zipu.

Ya mvua igeuze ndani nje. Pitisha kidole kwenye mishono: utepe unaoziba matundu ya sindano ukiwa umebanduka, au utando wa ndani unapukutika kama magamba, hiyo imeshakufa, itavuja. Tafuta yenye zipu ndefu ubavuni, kutoka kifundo cha mguu hadi pajani, ili mvua ikianza uivae bila kuvua viatu. Na ikiwa ndefu usimpelekee fundi cherehani. Kila tundu la sindano ni njia ya maji. Ikunje tu pindoni.

Nina nafasi Jumamosi, nitakwenda Karume asubuhi kabla watu hawajajaa. Nitumie kipimo cha kiuno, ukipime juu ya taiti, na urefu wa mguu kwa ndani. Ya kutembelea nitakutafutia mimi, na nikiipata nitaituma kwa basi la usiku. Ya mvua ningependa uijaribu mwenyewe mwilini, kwa hiyo ukipita Dar tutakwenda pamoja.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi shoga yako,
Zuhura