Yaya Mado, nitumie sonde

Yaya Mado,

Jambo, jambo sana. Siku mingi, najua, usiseme nakukumbuka paka wakati wa shida, nakubali mbele hata ufungue mdomo. Watoto wako muzuri? Na mguu wa papa Kabeya, ulipona? Sisi huku Lubumbashi tuko, ni Oktoba, jua linapiga, vumbi inaingia mpaka kwenye sahani.

Shida yenyewe ni sonde. Zile fimbo ndogo za kupima shimo kati ya nyama ya meno na jino, zenye mistari ya milimita. Nilikuwa nazo tatu, moja Guylain aliipinda akijaribu kufungua nayo kopo ya sardini (usiniulize), moja ilipotea Katuba, nimebaki na moja na siwezi kuwa naichemsha kila mara watu wakiwa kwenye mulongo. Tena kila jino ni pointi sita, mtu mwenye meno 28 ni mara 168, mgongo wangu unalia.

Si unajua kazi yangu, kuangalia kama wanene wanaumwa nyama ya meno kuliko wengine. Sikuizua mimi, Wajapani waliandika hivyo 1998, halafu 2003 Wamarekani wakaikuta hata kwa vijana wa miaka 18 mpaka 34. Yale mafuta ya tumbo hayalali tu pale, yanatoa vitu vinavyowasha moto mwilini, na fizi ambayo tayari inapigana na uchafu wa meno inaongezewa moto mwingine. Sawa. Lakini mnene huyohuyo labda ana sukari, labda anavuta sigara, labda hana hela ya munganga wa meno, na mimi namkuta siku moja tu, kilo na fizi saa ileile, nitajuaje nini ilitangulia? Profesa anataka niseme hii inaleta hii. Sisemi.

Ila si hiyo inaninyima usingizi, ni neno moja. Kwenye karatasi ya maswali tuliandika "umenona tangu lini?" na yaya, kila mama wa soko ya Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi, anacheka, anasema aksanti! Mmoja aliita jirani yake akuje asikie vile namsifu. Si unajua, kunona ni kwamba bwana anakutunza, unga iko nyumbani, hauna ule ugonjwa. Tukafuta, tukaandika "uzito wa kupita kiasi", wakauliza kiasi ya nani. Na kweli, ya nani? Tumeandika 30 kwa ile hesabu ya kilo na urefu, lakini kuko mama wa 31 anabeba gunia kwa kichwa mpaka Kamalondo, na mimi wa 28 nahema kwa ngazi ya biro.

Ndiyo, 28. Nilikuwa sitaki kuiandika.

Jumapili nilimwambia Chantal anipime, nimuonyeshe kazi tu, mchezo. Akasoma mbili, tatu, mbili, kufika nyuma akasema tano. Nikasema soma tena. Tano. Upande mwingine tano, na damu. Mimi ndiye natembea nyumba kwa nyumba naambia bamama damu ya mswaki si kawaida, kumbe tangu Pasaka natema damu nasema eti mswaki ni mugumu! Chantal alicheka, halafu akaona sura yangu akanyamaza. Na kilo, ni tisa nimeongeza tangu tumzike mama, usiku silali nakula mikate na chai ya sukari, na katika miezi yote hiyo watu wanasema kitu kimoja tu, ee umenona, Mungu anakupenda.

Sasa, unaweza kunitumia sonde mbili kwa basi ya Kolwezi, hata za zamani? Nitazirudisha, naapa, Guylain hatazigusa. Na hiyo tano, mukinisafisha itashuka ama ndio imeshaenda? Nikuje kwako ama nitafute mtu hapa? Utanitoza kama mgeni? Na wagonjwa wako, unawaambia kwa neno gani, wasitukanike na wasishukuru? Nahitaji hilo neno kwa karatasi, kabla ya Jumatatu kama inawezekana.

Tena kitu kingine. Kwa harusi ya Chantal, wewe pia uliniambia nimenona. Ulikuwa unanisifu, ama uliona?

Mdogo wako,
Nadine