Kabla hujaipeleka ile ratiba kwenye rufaa

Somo yangu mpenzi,

Picha ya ratiba ya zamu uliyonitumia nimeiona, na moyo umenienda mbio. Ingekuwa mezani siku ile ya kesi, nani angethubutu kusema uliacha zamu ya usiku bila ruhusa? Lakini nakuomba usiikimbize kwenye Baraza la Rufaa za Kazi kule London ukidhani watakusikiliza upya. Wale huangalia kama sheria imekosewa. Ushahidi mpya huupokea kwa nadra.

Kipimo chao kinatoka kwenye kesi ya mwaka 1954, Ladd dhidi ya Marshall. Mke wa Marshall alisema mahakamani kwamba hakumbuki zile pauni 1,000 ambazo Ladd alidai kumlipa mumewe. Walipokwisha kuachana, akataka kubadili maneno. Mahakama ya Rufaa ikakataa: aliyekiri kuwa alidanganya haaminiki kirahisi. Hapo ndipo Jaji Denning alipoweka masharti matatu: ushahidi uwe ni ule ambao usingeweza kupatikana mapema hata kwa jitihada za kutosha, uwe na uzito mkubwa katika matokeo, na uonekane wa kuaminika.

La pili na la tatu sina wasiwasi nayo. La kwanza ndilo linaloninyima usingizi. Watauliza: ulijua ratiba ipo? Mbona hukuomba mwajiri aamriwe kuitoa? Yule mwenzako aliyeipiga picha, ulimtafuta lini, akakujibu nini? Yaandike yote pamoja na tarehe zake, na jumbe za simu usifute hata moja. Mimi najua ulivyohangaika, ila baraza halijui.

Anza kwa kuliomba baraza lililosikiliza kesi liipitie upya hukumu yake. Una siku 14 tangu hukumu ya maandishi ilipotumwa, si tangu ulipoisoma. Maswali yatakuwa yaleyale, lakini wao wamewasikia mashahidi kwa masikio yao, na ndio wanaoweza kuipima ratiba hiyo kwa haki. Wakati huohuo rufaa usiiachie, maana siku 42 za kukata rufaa hazisimami kungojea jibu lao. Picha, ombi la kuipokea na maelezo ya kwa nini imechelewa viende pamoja na fomu ya rufaa.

Jumamosi nipo nyumbani kutwa. Njoo na hukumu na simu yako, tuanze na hizo tarehe.

Akupendaye,
Somo yako